Pimbi Aliyemtania Mtoto wa Ngiri

Masikio yako wapi?

Yako hapa.

Na midomo?

Imetulia.

Basi nasema.

Sema, tusikie.

Hapo zamani, zamani sana, kabla binadamu hajafika kwenye Mto Lukwale, wanyama wa nchi ile walikutana barazani kwa Simba. Waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Simba mwenyewe, jumbe wa nchi. Alikuwapo Tembo, ameketi nyuma kabisa ili asiwazibe wenzake. Alikuwapo Nyati. Alikuwapo Twiga, naye alisimama, kwa maana Twiga hakai. Alikuwapo Kanga. Alikuwapo Nguchiro, nasema Nguchiro, si Kicheche, watu huwachanganya, na Kicheche siku ile hakualikwa kwa sababu ya harufu yake. Alikuwapo Hondohondo, juu ya tawi kavu. Hao ndio waliokuwapo. Wengine waliosema baadaye kwamba walikuwapo, hawakuwapo.

Na katikati ya baraza walisimama wawili. Wa chini alikuwa Ngiri, jina lake Lugendo. Wa juu, aliyesimama mgongoni mwa Ngiri, alikuwa Pimbi, jina lake Mchopa. Walikuwa wameitwa waje kuwachekesha wakubwa.

Lakini ili mjue walifikaje pale, inanibidi nirudi nyuma kidogo.

Ukoo wa Ngiri na ukoo wa Pimbi zilikuwa na utani tangu kwa mababu. Zamani koo hizo mbili zilipigana, zikauana, mpaka wazee wakasema, "Sasa basi. Kuanzia leo tutapigana kwa mdomo tu." Wakaweka sheria, na sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mtani akikutukana, hukasiriki, unamrudishia. Mtani akila chakula chako, humdai. Kesho unakwenda kwake unakula chake. Na kwa kuwa mtani hakasiriki, basi mtani haombi radhi. Watani wakianza kuombana radhi, utani wao umekufa, na vita vimerudi.

Pimbi na Ngiri walikua katika sheria hiyo. Walitukanana tangu utotoni, kila mmoja nyumbani kwa mwenzake, na hakuna aliyewasikiliza ila mama zao.

Ukaja mwaka wa ukame. Maji yakabaki katika kisima kimoja tu, na wanyama wote wakapanga foleni pale. Jua lilikuwa kali, foleni haisogei. Nyati akamsukuma Twiga. Twiga akamkanyaga Nguchiro. Nguchiro akamwuma mtu ambaye hata hakuhusika. Ilibaki kidogo tu damu imwagike.

Ndipo Pimbi alipomwona mtani wake anakuja, amechoka, ulimi nje. Akapanda juu ya jiwe akapaza sauti.

"Mpisheni huyu, jamani, mpisheni! Sura yenyewe imeshaharibika, msiiongezee kiu!"

Ngiri akasimama akaangaza huku na huku. "Nani anasema? Sauti naisikia, mtu simwoni. Alaa! Kumbe ni wewe, mtani? Nilidhani jiwe limeota nywele."

"Heri jiwe lenye nywele kuliko jembe lenye miguu. Wewe ukila unapiga magoti. Majani yamekufanya nini mpaka uyalambe miguu?"

"Napiga magoti kwa heshima. Wewe utaijulia wapi heshima? Siku ya kugawa mikia uliitwa mara tatu, ukasema ngoja kwanza niote jua."

"Mkia wa nini? Wako umekusaidia nini? Ukikimbia unausimamisha juu, adui akikupoteza anauona, anasema aa, yule pale!"

"Sikilizeni anavyosema. Na huyu, wenzangu, anapita akitangaza kwamba Tembo ni mjomba wake."

"Ni mjomba wangu kweli! Muulizeni mwenyewe!"

Wote wakageuka wakamtazama Tembo. Tembo akafikiri, akasema polepole, "Nimesikia hivyo hivyo kwamba tuna udugu. Sijakataa, kwa sababu huyo mtu mwenyewe sijawahi kumwona vizuri."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyati akacheka mpaka akakaa chini. Twiga akamwinua Nguchiro, akampangusa vumbi. Watu wakanywa maji kwa zamu, wakarudi kwao wakirudia maneno ya Ngiri na Pimbi njia nzima.

Hapo ndipo jina lilipoanza. Kanga alipomwoza binti yake, aliwaalika. Nyati alipotahirisha wanawe, aliwaalika. Watu walikuwa wakisikia tu kwamba Ngiri na Pimbi wanakuja, wanaacha sufuria jikoni. Nao wakapata mtindo wao wa kuingia: Pimbi alisimama mgongoni mwa Ngiri, mikono kiunoni, na Ngiri akaenda taratibu kama mtu aliyebebeshwa mfalme. Hata kabla hawajasema neno, watu walikuwa wameshaanza kucheka.

Na katika matusi yote ya Pimbi, moja lilichekesha kuliko yote. Alilitoa mara ya kwanza kwenye harusi ya binti wa Kanga.

"Huyu mtani wangu," alisema, "kila mtu akirudi nyumbani hutanguliza uso. Yeye hutanguliza makalio! Anaingia shimoni kwake kinyumenyume. Mkewe anaketi ndani anangoja mume, anakaribishwa na nini? Na mkia!"

Kanga alicheka mpaka taji la bi harusi likamwanguka mkononi. Ngiri naye alirudisha. Alisema, "Mke wangu amezoea. Mkeo wewe hutanguliziwa uso, ndiyo maana analala nje." Watu wakazidi kucheka.

Siku ya pili yake, mchana, wawili hao walikuwa wamejilaza karibu na shimo la Ngiri, wamekula wameshiba. Ngiri akasema, "Mtani, ile ya kinyumenyume uiache."

"Niiache? Hiyo ndiyo nguzo ya nyumba!"

"Uiache."

Pimbi akamtazama, akaona mwenzake hatanii. Ngiri akamweleza. Alimweleza bila kumtazama usoni.

"Zamani nilikuwa naingia kama watu wote, kichwa mbele. Siku moja Chui alitukimbiza, mimi na mwanangu wa kwanza. Alikuwa mdogo, alikuwa hajaanza kuota meno ya nje. Tukafika shimoni. Mimi nikatangulia kuingia, yeye akawa nyuma yangu. Shimo ni jembamba, wewe unalijua. Nikamsikia ananiita nigeuke. Nikashindwa kugeuka. Nilimsikia mpaka mwisho, Mchopa, na mimi uso wangu umetazama udongo. Tangu siku ile naingia kinyumenyume. Atakayekuja mlangoni kwangu atanikuta nimemtazama."

Pimbi akainuka. Alimkalisha mwenzake kivulini, akakaa naye mpaka jua lilipopungua. Na lile tusi la kinyumenyume akaliacha. Harusi zikapita, sherehe zikapita, watu wakaliomba, yeye akasema amelisahau.

Basi, ndipo ujumbe ulipotoka kwa Simba. Simba amesikia habari zao, anawataka barazani.

Pimbi hakulala vizuri wiki nzima. Alipaka manyoya yake mafuta. Alimwambia Ngiri, "Tukimchekesha Simba, nchi nzima ni yetu." Ngiri akasema, "Na tusipomchekesha?" Pimbi akasema, "Mdomo wako huo uweke akiba kwa ajili ya Simba."

Wakafika. Wakaingia kwa mtindo wao, Pimbi juu, Ngiri chini. Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama Simba kwanza, na Simba alikuwa ametulia tu, amelaza kidevu juu ya miguu.

Pimbi akatoa lile la jembe lenye miguu. Ngiri akajibu la jiwe lenye nywele. Simba akapepesa macho.

Pimbi akatoa lile la kupiga magoti. Ngiri akajibu la mikia. Simba akapiga mwayo. Mkimwona Simba anapiga miayo mtaelewa Pimbi alijisikiaje, maana meno yote huonekana.

Pimbi akaona jina lake lote, tangu kisimani hadi siku ile, linateleza. Akamwangalia Ngiri, akaangalia mdomo wa Simba. Ndipo akaruka chini kutoka mgongoni mwa mwenzake, akafunua ukingo wa mkeka wa baraza, akaingiza kichwa chake chini ya mkeka, akabaki makalio nje. Akaanza kurusha miguu. Akatoa sauti nyembamba ya kitoto:

"Baba, geuka! Baba, geuka!"

Halafu akatoa sauti nzito ya Ngiri:

"Subiri, mwanangu, baba amekwama! Mwambie Chui aje kesho!"

Simba akapasuka kwa kicheko. Alicheka hadi majani yakatikisika, na wenzake wote wakacheka naye. Tembo alicheka. Nyati alicheka. Twiga alicheka. Kanga alicheka. Nguchiro alijigaragaza. Hondohondo alikaribia kuanguka kwenye tawi. "Kitoto cha Ngiri!" walisema. "Baba, geuka! Aa, huyu Pimbi ataniua!"

Pimbi akatoa kichwa chini ya mkeka. Wote sasa walikuwa wanamtazama Ngiri, wanangoja arudishe, kama ilivyo sheria.

Ngiri akautazama mkeka. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilikwama."

Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo, wakidhani hilo ndilo jibu. Ngiri akageuka, akaondoka barazani, peke yake, bila mtu mgongoni. Hata hilo liliwachekesha.

Pimbi alirudi kwake kwa miguu. Njiani watu walimpongeza. Alijiambia, "Mtani hakasiriki. Hiyo ndiyo sheria. Kesho atanirudishia, tena atanirudishia tusi kubwa, na mambo yatakwisha."

Kesho Ngiri hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Mialiko ilikuwa mingi, na Pimbi aliona si vizuri kuikataa. Akatafuta mwenzi mwingine.

Kwanza alimchukua Nguchiro. Wakasimama mbele za watu, Pimbi akasema, "Mtazameni huyu, mwili wa kamba, macho ya mwizi wa mayai." Nguchiro akamrukia akamwuma sikio. Pimbi akapiga kelele, "Ni utani!" Nguchiro akasema, "Utani na nani? Babu yangu na babu yako walikutana wapi?"

Mara ya pili alimchukua Kanga. Akasema, "Huyu alipakwa madoa na fundi aliyelewa." Kanga akalia. Alilia pale pale mbele za watu, na wageni wakamtazama Pimbi kwa jicho baya.

Mara ya tatu alimchukua Nyati. Alimtukana tusi la kwanza, Nyati kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Watu wakaanza kutawanyika. Ndipo Nyati akauliza, "Hayo yote unanisema mimi?" Pimbi alikimbia mpaka juu ya mwamba wake, na huko alikaa siku nyingi bila kushuka.

Huko mwambani akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mdomo alikuwa nao, maneno alikuwa nayo, lakini asipokuwapo Lugendo wa kuyapokea, maneno yale yalikuwa matusi tu, kama ya mtu yeyote sokoni.

Akashuka, akaenda kwa Ngiri.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwa mtindo wa siku zote. "Ewe pua la jembe! Toka nje, jua limekuja kukutazama, likikuona litarudi!" Akangoja. Ndani aliona meno mawili na macho mawili. Hayakusogea. Pimbi akaondoka.

Siku ya pili alileta mizizi mitamu, ile inayopatikana ng'ambo ya mto tu. Akaimwaga mlangoni. Akajificha akatazama. Ngiri akaisukuma nje kwa pua, mmoja mmoja, akarudi ndani. Pimbi alijua maana yake. Chakula cha mtani hakirudishwi.

Siku ya tatu hakuleta kitu. Alikaa chini pale mlangoni, akanyamaza. Alikaa asubuhi, akakaa adhuhuri. Ngiri ndiye aliyeanza kusema.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Sijui nilichokuja kufanya," Pimbi akasema. "Nikuombe?"

"Usiniombe. Ukiniomba, utani wetu umekufa, na mimi nimebakiwa na huo tu."

"Basi umekasirika."

"Sijakasirika. Mtani hakasiriki. Siwezi kuivunja sheria ya babu zangu kwa ajili ya mdomo wako." Ngiri akasogea mbele kidogo. Pimbi aliona amekonda. "Sikiliza, Mchopa. Mama yangu ulimtukana mpaka siku ya mazishi yake. Lakini naye alikutukana mpaka siku ya kufa kwake, nyinyi mlitoshana. Mimi unanitukana, nakutukana. Lakini yule mtoto alikuwa hajajua hata kutukana. Umemtania mtu asiyeweza kukurudishia."

Pimbi akatazama chini.

"Na tena," Ngiri akasema, "umemfanya kitoto cha Ngiri tu. Watu wote wamekwenda makwao wakisema kitoto cha Ngiri. Alikuwa na jina."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Jina lake Sikudhani."

"Sikudhani," Pimbi akasema.

"Basi nenda kwa kila mmoja aliyekuwapo pale barazani. Mwambie, yule uliyemcheka alikuwa binti wa Lugendo, jina lake Sikudhani, aliliwa na Chui, na hapakuwa na la kuchekesha. Usiongeze neno, usitie chumvi, usiige sauti ya mtu. Ukiwamaliza wote, njoo hapa mlangoni unitukane. Mimi nitakurudishia matusi ambayo hata mawe ya kwenu yatainuka yaondoke."

"Wote?"

"Wote."

"Hata Simba?"

"Kwani Simba hakuwapo?"

Pimbi akaondoka. Alianza siku ile ile, na alianza na walio wepesi.

Alikwenda kwa Kanga. Kanga alikuwa bado na kinyongo cha madoa, lakini aliposikia maneno yale aliwakusanya vifaranga wake akawahesabu, akasema, "Na mimi nilicheka. Mimi, mama!" Akamfungia Pimbi mlango. Lakini alikuwa amesikia.

Alikwenda kwa Nguchiro. Nguchiro akamwambia, "Kwa hiyo ulinichekesha kwa maiti ya mtoto wa mtu bila kuniambia? Leta na sikio la pili." Pimbi akalitoa sikio. Nguchiro akalitazama, akaliacha.

Alikwenda kwa Twiga. Twiga akainama akasema, "Kule juu sikusikia vizuri. Nilicheka kwa sababu niliona wenzangu wanacheka. Jina ulisema nani?" Pimbi akalirudia.

Alikwenda kwa Nyati, akalisema akiwa mbali, kisha akaona haya, akasogea karibu akalisema tena. Nyati akasema, "Nimesikia mara zote mbili."

Alikwenda kwa Tembo. Tembo akasema, "Mtu akikuuliza tena kama mimi ni mjomba wako, mwambie bado nafikiri." Lile lilimwuma Pimbi kuliko meno ya Nguchiro.

Alikwenda kwa Hondohondo. Huyo ndiye aliyemsumbua, kwa sababu Hondohondo alikuwa ameusimulia mchezo ule kila mahali alipotua, mpaka ng'ambo ya mto. "Basi na kule uende ukaseme jina," Pimbi akamwambia. Hondohondo akanung'unika kwamba mabawa yake ni mazito. Lakini akaenda.

Akabaki Simba.

Pimbi akasema, nitakwenda kesho. Kesho yake ilikuwa na mvua, na pimbi hatoki kwenye mvua. Kesho kutwa palikuwa na jua zuri, na pimbi haliachi jua zuri. Mara alisikia kwamba Simba ana njaa. Si vizuri kumwendea mtu mwenye njaa. Mara alisikia Simba ameshiba. Aliyeshiba hulala, na aliyelala haamshwi. Na ukweli ni kwamba aliogopa. Hakuogopa kuliwa tu. Kicheko kile cha Simba kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupata maishani mwake, na hakutaka kwenda kukirudisha.

Miezi ikapita hivyo. Mara nyingine alipita karibu na shimo la Ngiri kwa mbali, akaona yale meno mawili mlangoni, yametazama nje. Hakusogea. Alikuwa hajawamaliza wote.

Siku moja Hondohondo akatua juu ya mwamba. "Mchopa," akasema, "mtani wako anaumwa. Chakula hali tena. Mkewe ananyonyoa majani anamwekea mdomoni, yanabaki hapo hapo."

Pimbi alishuka mwambani, akavuka mto, akaenda kwa Simba, mbio, bila kupaka mafuta.

Alimkuta Simba amelala kivulini. Akasimama mbele yake akasema, "Jumbe, siku ile barazani uliyemcheka alikuwa binti wa Lugendo. Jina lake Sikudhani. Aliliwa na Chui, na hapakuwa na la kuchekesha."

Simba akafungua jicho moja. "Siku gani?"

"Siku ile nilipoingiza kichwa chini ya mkeka, Jumbe. Uliangua kicheko."

"Mimi?" Simba akasema. Akafikiri kidogo. "Sikumbuki. Watu wengi huja hapa kunichekesha." Akalifumba jicho. "Jina lake umesema nani?"

"Sikudhani."

"Haya. Nimesikia. Nenda."

Pimbi akatoka pale. Alisimama kidogo njiani. Miezi yote ile alikuwa amemwogopa mtu asiyekumbuka. Kisha akashika njia ya kwenda kwa Ngiri, upande wa pili wa mto, na alipokuwa akikimbia alianza kutunga matusi. Alitunga la pua, akaliacha kwa kuwa limezeeka. Alitunga la ugonjwa: kwamba Ngiri amekonda mpaka sasa anaweza kugeuka shimoni, akalifuta upesi, akajipiga mdomo. Alitunga la mke wake mwenyewe Pimbi, amchokoze mwenzake apate njia rahisi ya kurudisha. Hilo alilipenda. Akawa analirudia njia nzima ili asilisahau.

Funzo la ngano hii nitalisema hapa, Pimbi akiwa bado njiani.

Mtanie anayeweza kukujibu. Jambo ulilosimuliwa kwa uchungu si lako kulipeleka barazani, hata kama aliyekusimulia ni mtani wako, hata kama wakubwa hawacheki. Na ukionyeshwa namna ya kulitengeneza kosa lako, litengeneze lote upesi, wala usiwamalize wepesi ukamwacha mmoja uliyemwogopa.

Hapo ndipo ninapoitua ngano yangu. Niliyoyasema nimeyasema, nisiyoyasema sikuyajua. Aliyekuwapo amwambie asiyekuwapo, na asiongeze.

Tumesikia.

Mtauliza kama Pimbi alimkuta. Hakumkuta. Ngiri, jina lake Lugendo, alikufa mchana wa siku ile ile, kabla Pimbi hajavuka mto kurudi.